Siku Bwana Kikomo Alipoandikwa Utepeni

Namna nilivyofika Utepeni haihusiani na taarifa hii, na ile sehemu inayohusiana nimekwisha kumweleza mwalimu wa zamu, kwa maandishi, mara mbili. Itoshe kusema kwamba nilipewa adhabu ya kufuta vumbi kwenye mashine kuukuu iliyo stoo ya maabara ya kompyuta, mashine yenye kibodi nzito ya chuma na utepe wa karatasi uliojaa matundu. Kwamba nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Na kwamba aliyeniambia nisivibonyeze anabeba sehemu kubwa ya lawama, kwani bila yeye nisingevijua.

Utepeni ni nchi nyembamba. Kutoka kushoto hadi kulia ni hatua sabini na mbili tu, lakini kwenda chini haina mwisho, na wenyeji hawajui kilichoko huko chini kwa kuwa bado hakijaandikwa. Anga lake lina rangi ya karatasi iliyopakwa mafuta. Mwanga hautoki mahali pamoja. Unapenya tu, kama unavyopenya kwenye shuka ukiwa umejifunika gubigubi asubuhi ya Jumapili. Watu hutembea kuelekea kulia. Wakikaribia ukingo, kengele hulia juu ya vichwa vyao, taratibu, kama kijiko kilichogusa glasi chumba cha pili. Hapo husimama na kumngoja Bwana Rudisha awarudishe kushoto, kisha Bwana Shuka awashushe mstari mmoja. Anayesahau kumwita Shuka hujikuta akitembea juu ya nyayo zake mwenyewe. Nilimwona mzee aliyesahau kwa wiki nzima. Kivuli chake kilikuwa kimekolea wino hata hakikuweza tena kupinda kwenye kona.

Kila neno linalosemwa huko hutobolewa kwenye utepe. Utepe unapita kila mahali, juu ya milango, chini ya vitanda, katikati ya sahani mbili za wali, na kila herufi ina safu yake ya nafasi saba, nyingine zina tundu na nyingine hazina. Viduara vinavyotoka kwenye matundu hudondoka mchana kutwa, vyeupe, bila haraka. Vimeijaza njia hadi kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo hatua za watu hazisikiki. Unaweza kuzungumza na mtu nusu saa ukaona mazungumzo yenu yakimtua mabegani.

Na tundu likishatobolewa haliwezi kuzibwa. Karibu sheria zote za Utepeni zinatokana na jambo hilo moja.

Mathalani, ukikosea neno, unagonga meza. Unagonga mara moja kwa kila herufi unayoijutia, na kuanzia hapo herufi hizo hazikusemwa. Kosa linabaki kwenye utepe palepale, na alama za kugonga zinabaki baada yake. Linaloombwa kwa raia ni kujifanya hawakusikia. Nilihudhuria mkutano ambapo diwani mmoja alisimama akasema, "Ndugu zangu wapumbavu," akagonga meza mara tisa, akaendelea, "watukufu." Watu walipiga makofi. Kama sentensi nzima imeharibika, unapiga mguu chini mara moja, nayo yote inakuwa haikuwepo. Kwa ajili ya utafiti, nilimwambia askari mmoja jambo refu kuhusu masikio yake, kisha nikapiga mguu chini. Alinishukuru.

Wanaotawala Utepeni ni maofisa thelathini na wawili wanaoitwa Wasiochapwa. Mtu yeyote aliyewahi kubana kitufe cha pembeni cha kompyuta pamoja na herufi moja, kisha akaona kazi yake imekatika au skrini imeganda, amekutana na wajukuu wao. Wenyeji huwaita kwa kukunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto na kutaja herufi. Ukitaja G, kengele inalia. Ukitaja S, anakuja Bwana Simama, na yeyote anayesema hukoma palipo. Ukitaja Q, anakuja Bwana Endelea kumfungua. Ukitaja D, anakuja Bwana Kikomo, na baada yake hakuna neno: utepe unafungwa, na yaliyosemwa mpaka hapo ndiyo yote. Yuko pia mmoja ambaye akikusimamisha ni lazima umwage sakafuni kila kitu kilichomo kichwani mwako. Nilishuhudia muuza nazi akimwaga. Jirani yake hamsalimii mpaka leo, na nazi zenyewe zilikuwa na mawazo machache kuliko tulivyodhani.

Wanaitwa Wasiochapwa kwa sababu utepe hauwaandiki. Wanaamuru, na karatasi inabaki nyeupe pale walipopita. Ukitaka kujua baadaye ni nani aliyetoa amri, utakuta majina ya waliotii tu.

Niliwauliza wanahistoria kwa nini kazi ya kuanza mstari mpya inafanywa na maofisa wawili, Rudisha na Shuka, wakati mtoto mdogo angeiweza peke yake. Walinieleza kwamba mashine za mababu zilikuwa na kichwa kizito. Kichwa kilichukua muda kurudi kushoto, na herufi iliyowahi kabla hakijafika ilichapwa hovyo katikati ya karatasi. Kwa hiyo kazi iligawanywa ili muda upite. Na muda ulipokuwa bado hautoshi, waliajiriwa watu wa ukoo wa Tupu, ambao kazi yao ilikuwa kutofanya lolote wakati kichwa kinarudi. Siku hizi vichwa ni vyepesi. Ukoo wa Tupu una wizara nne.

Nilikuwepo mbunge kijana alipopendekeza wapunguzwe.

"Mheshimiwa," alijibu Waziri Tupu bila kuinuka, "sisi tukiondoka, hiki tusichokifanya atakiacha nani?"

Hoja ya Waziri ikapita kwa kura zote. Yule kijana naye sasa ni katibu mkuu wa mojawapo ya wizara zao.

Nilipanga kwa Bi Mishi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kunipokea, na hakuna mwingine aliyetaka kupanga kwake. Ni mama wa makamo, mcheshi, anayetembea ameegemea nyuma kama mtu anayebishana na upepo. Kazi yake ni kufagia viduara vya karatasi kwenye ukumbi wa Baraza. Cheo chake cha kurithi ni Mkinga, na ni cheo cha aibu. Ofisa yeyote anayepita mara tu baada ya Mkinga hupoteza nguvu zake hapohapo. Anahesabiwa kuwa herufi kama herufi nyingine. Mababu walimweka kwa sababu nzuri: pengine mtu anataka kumtaja ofisa bila kumwita. Lakini maofisa hawapendi kutajwa, kwa hiyo wakimwona Bi Mishi barabarani huvuka upande wa pili, na yeye, kwa adabu, hujificha kwanza.

"Nimewahi kukaa ndani ya kabati la mafagio saa tano," aliniambia asubuhi ya kwanza, akinimenyea kiazi cha moto. "Bwana Shuka alikuwa na mazungumzo na mtu koridoni. Nikapiga chafya mara mbili. Wakadhani ni panya, wakaendelea."

"Kwa nini usitoke tu?"

"We mtoto! Nitoke nimvue Bwana Shuka nguvu zake mbele za watu?" Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Sina raha wiki hii, mgeni wangu. Keshokutwa Alhamisi Salme anafungwa."

Salme ni mtoto wa dada yake. Kazi yake ilikuwa kusoma tepe za zamani ghalani, kuona kama zimeoza. Mwezi uliopita alionekana akitoka ghalani na kipande cha utepe ndani ya khanga. Kukata utepe ni kosa kubwa kuliko yote, kwa hiyo aliitwa Barazani ajitetee. Akasimama, akaanza: "Nilikata utepe wa Baraza kwa sababu," na hapohapo akakoma. Mtu mmoja kwenye viti vya watazamaji alikuwa akimfundisha mwanawe alfabeti kwa vidole, akafika S wakati kidole kidogo cha kushoto kimekunjwa. Bwana Simama akaja, maana yeye haulizi ameitwa na nani. Tangu hapo Salme hajasema neno. Zimepita siku kumi na moja.

"Basi aitwe Endelea," nikasema. "Herufi Q. Hata mimi naweza."

"Ameitwa. Yupo. Amekaa pembeni yake na kiti chake."

"Halafu?"

"Nenda kamwone mwenyewe. Mimi nikimweleza nitagonga meza mpaka ipasuke."

Kisha akanieleza lililobaki, akiangalia kiazi. Alhamisi Bwana Kikomo atapita. Akishapita, sentensi ya Salme inahesabiwa imeisha ilipoishia, na sentensi inayosema "nilikata utepe wa Baraza kwa sababu" bila sababu ni kukiri. Adhabu yake ni moja. Tundu haliwezi kuzibwa, lakini nafasi zilizobaki zinaweza kutobolewa. Kila jina la Salme lililopo kwenye tepe zote za nchi litatobolewa matundu yote saba, na herufi yenye matundu yote saba sheria inamtaka msomaji aipite kana kwamba hapana kitu. Hivyo ndivyo wanavyofuta maneno Utepeni. Hivyo ndivyo pia wanavyofuta watu. Baada ya hapo mtu anaweza kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yake miaka kumi, na majirani wakamruka kama wanavyoruka dimbwi, bila ubaya wowote.

"Mama yake Salme walimfanyia hivyohivyo," alisema Bi Mishi. "Salme alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nampelekea chakula dada yangu kwa kujifanya nimesahau sahani mlangoni kwake. Alikufa, hakukuwa na msiba, maana hakukuwa na mtu."

Nilikwenda Barazani siku hiyohiyo. Salme alikuwa amesimama kizimbani, msichana mrefu mwenye khanga ya rangi ya chai, mdomo umefunguka kidogo mahali neno lilipomwacha. Macho yake yalinifuata. Viduara havikumdondokea, sehemu yote iliyomzunguka ilikuwa safi, na ukimya wake ulikuwa na umbo, kama alama ya duara inayobaki mezani ukiondoa kikombe. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa ameketi Bwana Endelea, ambaye jina lake ni Shaali, kiganja kimefunika nusu ya sikio.

"Shikamoo, Bwana Shaali."

"Marahaba. Usiniongeleshe sana, nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Mashine." Akanitazama kwa huruma ambayo walimu huwatazamia wanafunzi wa nyuma. "Wewe mgeni, hujui historia. Simama aliwekwa kwa sababu mdomo una haraka kuliko mashine ya kusomea. Mashine ikielemewa, Simama anaufunga mdomo. Mashine ikipumua, inalia tik, mimi naufungua. Haijalia."

"Na hiyo mashine iko wapi?"

"Kazi yangu si kujua iliko. Kazi yangu ni kusubiri."

"Ulisikia tik mara ya mwisho lini?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Babu yangu aliisikia," alisema. "Alituhadithia vizuri sana."

Nilirudi kwa Bi Mishi nikiwa na wazo, na naliandika hapa bila majivuno, kwa kuwa shuleni kwetu mawazo yangu ya namna hii yameandikwa kwenye daftari lao maalumu. Nilimwambia kwamba kama Bwana Kikomo akiingia ukumbini akiwa na Mkinga mbele yake, hatafunga kitu. Atakuwa herufi. Sentensi ya Salme itabaki wazi.

Aliacha kufagia. "Unataka kunitoboa, wewe."

"Sheria inakukataza kutembea mbele yake?"

"Sheria haisemi. Adabu ndiyo inasema."

"Adabu imeandikwa kwenye utepe?"

"Adabu haiandikwi, mjinga we." Akagonga ufagio mara sita, akakosa moja kwa hasira, akaongeza. "Unadhani sijawahi kuifikiria? Nimelala nayo siku kumi na moja. Ila mimi nikiona kivuli cha ofisa, miguu yenyewe inaingia kabatini. Miaka thelathini, mgeni. Miguu imezoea."

Nikachukua ufagio mwingine, nikamsaidia. Tukafagia, viduara vya mazungumzo ya nyumba ya jirani vikitudondokea. Mwishowe akasema, si kwangu hasa:

"Siwezi kusahau sahani ya pili."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Kikomo hupita koridoni peke yake, bila ngoma wala watangulizi, kwa kuwa anapopita mazungumzo hufa yenyewe pande zote mbili kama taa za mtaa umeme unapokatika. Ni mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na uso wa mtu anayewahi kwingine. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ukumbi. Bi Mishi alikuwa kabatini. Kupitia ufa niliona jicho lake moja, na jicho hilo lilikuwa linaniambia kwamba miguu imegoma.

Nikakunja kidole kidogo, nikasema, "G."

Kengele ililia. Nikasema tena, na tena, mara ishirini. Utepeni hakuna aliyewahi kuhitaji kengele zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo Bwana Kikomo alisimama na kuinua uso kutafuta ukingo uliokuwa unamkaribia. Ukumbini watu walishika viti vyao. Na kabati likafunguka. Bi Mishi alitoka kinyumenyume, kama mtu anayesukumwa na mafagio, akajinyoosha kadiri mgongo wake unavyoruhusu, akatembea. Aliingia ukumbini mbele ya Bwana Kikomo, umbali wa hatua moja, analia na kufagia kwa pamoja.

Bwana Kikomo alipoteremsha uso hakuona jambo jipya zaidi ya mgongo wa mfagiaji. Akafika katikati ya ukumbi, akasema neno lake.

Karani alikuwa tayari ameinua mikono kutoka kwenye mashine ya kutobolea, maana baada ya neno lile hapana kazi. Mashine ikatoboa bila yeye. Matundu machache, halafu mengine machache. Viduara viwili vikaelea vikatua kwenye kiatu cha Bwana Kikomo, ambacho tangu kutengenezwa hakikuwahi kuguswa na kiduara.

"Imeandikwa nini?" aliuliza Mwenyekiti wa Baraza, mama mwenye miwani mikubwa.

Karani alisoma, akafuta miwani yake, akasoma tena. "Imeandikwa kofia ndogo, ile alama ya kidole kilichokunjwa, na D."

"Kofia ya nani?"

"Ya... ya Bwana Kikomo, Mheshimiwa. Amechapwa." Akapitisha kidole kwenye utepe. "Sentensi sasa inasema: nilikata utepe wa Baraza kwa sababu Bwana Kikomo. Na haijaisha."

Nimewahi kusababisha kimya kwenye ukumbi wa chakula wa watu mia nne, lakini hakikuwa kama kile. Bwana Kikomo aligeuka aondoke. Hakuweza. Alikuwa ndani ya sentensi ya mtu, na herufi haitoki kwenye sentensi kwa sababu ina shughuli nyingine. Akajaribu kushoto, akajaribu kulia. Kisha akamwona Bi Mishi.

"Mama," alisema kwa upole wa kutisha, "wewe ni nani?"

"Nafagia hapa," alisema Bi Mishi.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo kwa kofia.

Bwana Kikomo akamgeukia Shaali. "Wewe! Mfungulie huyu binti amalize, nitoke."

"Mashine haijalia, Bwana."

"Mashine ipi?"

"Ya kusomea."

"Siku zote hizi hujawahi kwenda kuitazama?"

"Bwana hukuwahi kuuliza," alisema Shaali, na nadhani alisema kweli tupu. Siku kumi na tatu mama mdogo wa Salme alikuwa ameuliza kila asubuhi, lakini mtu wa kufagia akiuliza, hiyo si kuuliza.

Wakatumwa watu wawili kuitafuta mashine. Ilipatikana nyuma ya jengo, chini ya turubai, bila magurudumu na bila moyo. Kuku alikuwa ameatamia pale penye sehemu ya kusomea. Watu wale walirudi na yai moja kama ushahidi, wakaliweka mezani mbele ya Mwenyekiti. Shaali alilitazama muda mrefu. Akaliinua, akaliweka sikioni. Uso wake wakati ule sitaueleza. Kuna mizaha ambayo mtu anaona afadhali isingekuwa yake. Kisha akalirudisha mezani, akainuka kwenye kiti chake cha kukunja, akamsogelea Salme.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Samahani."

Salme alifunga mdomo kwanza. Akaulamba, akaufungua.

"Nilikata utepe wa Baraza kwa sababu mama yangu yuko pale," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Nilikuwa nasoma tepe za mwaka ule. Nikafika mahali pana matundu saba, safu baada ya safu, herufi tisa. Nilijua napaswa kupita. Lakini dirisha lilikuwa wazi nyuma yangu, na mwanga ukapita kwenye matundu ukatua mkononi mwangu. Safu nyingine zote zilikuwa na giza hapa, giza pale. Pale pake tu ndipo mwanga ulipopita wote. Nikakata pale. Nimekitundika kipande hicho dirishani chumbani kwangu, na saa nne asubuhi mama yangu yuko ukutani. Basi."

Bi Mishi aliachia ufagio.

Mwenyekiti alivua miwani. Sikumtegemea, lakini alikuwa mtu mwema kwa kadiri kiti kilivyomruhusu. "Salme," alisema taratibu, "nisikilize vizuri. Sheria inasema matundu saba si kitu. Ukikata kisicho kitu, hukukata kitu. Sema tu hivyo, sema hapakuwa na kitu pale, na mimi nakuachia uende nyumbani sasa hivi na mama yako mdogo."

Niliona jinsi ilivyokuwa nyepesi. Kama ningekuwa mimi ningesema mara tatu na wimbo juu. Bi Mishi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa nguvu, sema, sema, mwanangu, sema.

"Palikuwa na kitu," alisema Salme. "Palikuwa na Mwanatumu."

Jina lile lilitobolewa mbele ya watu wote, tundu hapa, nafasi pale, linasomeka.

"Basi umekiri," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Na kama palikuwa na mtu pale, itanibidi..." Aliona, baadaye kidogo kuliko watu wa viti vya nyuma, mahali sentensi yake ilikokuwa inaelekea. Ili kumwadhibu Salme kwa kumkata mtu ilibidi Baraza lisome kwamba pale pana mtu. Na kama pale pana mtu, basi tepe zote zilizolala ghalani, kila penye safu za matundu saba, pana watu. Akamtazama Bwana Kikomo, kwa mazoea, ili afunge. Bwana Kikomo alikuwa amesimama palepale, viduara vya maneno ya Salme vimemtua mabegani. Hakuwa na cha kufungia.

Sentensi ilibaki wazi. Na Utepeni sentensi iliyo wazi ni ya yeyote mwenye sauti.

"Na baba yangu, Mbaruku," alisema mtu kutoka viti vya nyuma. "Alikuwa fundi wa mageti."

Karani alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akaikunja miwani yake. Karani akatoboa.

"Na Bi Kazija, jirani yetu. Nilikuwa namruka mlangoni kwake kila siku nikienda kazini. Alikuwa ananisalimia."

"Na pacha wangu."

"Jina," alisema karani.

"Tumepewa moja sote wawili. Liandike mara ya pili."

Bi Mishi alikuwa amefika kizimbani, amemshika Salme mikono yote miwili. Viduara vilianguka vizito sasa, hata upande wa pili wa ukumbi ulionekana kwa shida, sura tupu na midomo inayosogea. Maofisa wengine wa Wasiochapwa walikuja mlangoni kuona, wakamwona Mkinga, wakarudi nyuma. Shaali alikuwa ameketi sakafuni karibu na yai lake. Sijui tulikaa muda gani. Majina yalikuja yenyewe, polepole, na kila aliyetaja alikaa chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Halafu ikaja sauti ambayo sikuitambua, kwa kuwa mpaka siku ile haikuwahi kusema zaidi ya neno moja.

"Na mdogo wangu," alisema Bwana Kikomo. Hakumtazama mtu. "Alikuwa na kigugumizi. Aliitwa Barazani ajitetee, nikapita kwa saa yangu ya kawaida, na yeye alikuwa bado yuko kwenye jina lake."

Karani aliuliza jina hilo linaandikwaje. Bwana Kikomo akaanza kumtajia, herufi moja moja, akikwama na kurudi, na ukumbi mzima ukasubiri amalize.